Manjano ya Panya Wazee

Jumamosi ile ya mwaka sabini na nane Kariakoo ilikuwa haikanyagiki. Katika msukumano wa watu waliokimbilia foleni ya sabuni, kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, alitupwa juu ya meza ya viungo ya Klara akamwaga sinia zima la manjano.

"Samahani, dada. Nitayanunua yote."

"Yote? Unapikia jeshi?"

Jina lake Leodegar, mtu wa Rombo, umri thelathini na mbili, kazi yake maabara ya chuo. Klara alitoka Masasi, alikuwa na arobaini na tatu, na gauni lake la kitenge lilimkaa vizuri kuliko alivyopenda kukiri.

Miezi minane Leodegar hakukosa Jumamosi hata moja mezani pake.

"Umependeza, Klara wangu."

"Macho yako mabovu. Mimi bibi yako."

"Bibi gani mwenye mashavu haya?"

Klara alicheka, kisha akajionea haya kwa kutumaini. "Nimechelewa, Leo, umri umekwenda," alimwambia kila mara.

Siku moja Leodegar aliagiza manjano, karafuu na liwa, ule mti wa kunukia, kwa pamoja. Pwani nzima inajua: mwanamume akinunua hivyo, ndani kuna mwali anasingwa, anasuguliwa mwili ung'ae, harusi imekaribia. Klara aliweka mizani chini.

"Za nani?"

"Siri. Mwezi ujao utajua."

Jumamosi mbili Klara hakwenda sokoni. Leodegar akapiga simu dukani kwa Zahoro, jirani wa Klara, naye Zahoro akamwita.

"Mpenzi, una nini?"

"Usiniite mpenzi. Kampake liwa mwali wako."

"Mwali gani? Ni za panya!"

"Unasinga panya?"

"Kusinga ndiyo nini? Nawalisha! Sikiliza. Ndani ya mwili kuna majiko madogo, madogo mno, yanachoma chakula tupate nguvu. Yanaitwa mitokondria. Moshi wake unayaharibu yenyewe, tunazeeka. Natafuta mmea wa kuyakinga. Nawapa panya wazee."

"Kwa faida ya nani?"

"Kila siku unaniambia umechelewa. Ulitaka nifanye nini?"

Klara alilia palepale, simu sikioni. Zahoro akajifanya anafunga gunia. Klara alikuwa anapendwa, na alikuwa ameshaamini kwamba dawa itapatikana.

Mwezi uliofuata Leodegar alikuja hana kikapu, macho mekundu.

"Kwenye chupa yale majiko yalikingwa vizuri, Klara. Nilishangilia peke yangu kama mwehu. Lakini panya waliokula wamekufa sawa na wasiokula. Wiki ileile."

"Jaribu mlonge. Jaribu tangawizi."

"Nimejaribu. Sina kitu. Nilitaka nije kukuposa nikiwa na kitu mkononi."

Klara alimtazama. Alitamani kumfariji, lakini akaanza kuhesabu miaka.

"Nikifika sitini, wewe arobaini na tisa."

"Ndiyo."

"Huenda nisikuzalie."

"Huenda."

"Na hakuna cha kufanya."

"Hakuna, mpenzi wangu. Naapa, hakuna."

Mnunuzi alisimama akauliza bei ya iliki, hakujibiwa, akaondoka. Klara aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuogopa, na hakupata pa kuukimbizia woga huo.

"Kaka yangu anakaa Ilala," alisema mwishowe. "Jumapili yupo nyumbani. Usimwahidi chochote, Leo. Njoo tu mapema."