Majani ya Kaburi la Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja, nikawapa mbuzi majani, kisha nikampelekea Babu Sifael chai. Kwetu ni kijiji cha Mamba, mlimani. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli kizito cha miparachichi, ndipo alipozikwa Bibi. Pale nyasi hazioti, na kila mvua iliponyesha udongo wa kaburi ulimomonyoka.

"Diana," Babu aliniambia siku moja, "kesho napelekwa hospitali, mjini Same. Kule mferejini kuna majani yanayotambaa, yale yasiyokauka hata kiangazi. Yanapenda kivuli. Yachimbe na mizizi yake, uyapande kwa bibi yako, umwagilie mpaka yashike. Vuli ikitukuta hivi, kaburi litaporomoka."

"Sawa, Babu."

Sawa gani! Mferejini kulikuwa na tope, na rafiki yangu Eliaichi alinisubiri tukacheze rede. Nilikata ncha tu, nikazichomeka harakaharaka. Nilijidanganya kwamba ni kama tangawizi yetu: unavunja kipande, unafukia, kinachipua. Sikumwagilia hata siku moja.

Babu alipopiga simu nilimwambia, "Yameshika, Babu! Yamekuwa ya kijani kabisa."

"Ahsante, mjukuu wangu. Sasa nitapata usingizi."

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Babu aliporudi, hata koti hakuvua, alikwenda moja kwa moja kaburini. Upande mmoja ulikuwa umeporomoka na msalaba umelala kwenye matope.

"Shikamoo, Babu."

Alipiga magoti, mgonjwa yule, akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Jamani, niliumia! Nikaangua kilio.

"Nilikudanganya, Babu. Nilichomeka ncha tu. Nisamehe."

"Ungesema kazi imekushinda, ningemwomba baba yako mdogo Asheri," alisema bila kuniangalia. "Uvivu ungerekebishika, Diana. Lakini uliposema uongo ulituzuia sote kuliokoa kaburi. Anayekuamini mwambie ukweli, hata ukikuaibisha."

Jioni ile nilichimba majani na mizizi yake. Asheri alijenga upya ukingo wa kaburi, nami nikapanda na kumwagilia kila siku kwa miezi miwili. Sasa yametanda pote, udongo hautoki tena.

Babu amenisamehe, amesema mwenyewe. Lakini siku hizi nikimwambia nimewafungia kuku, huchukua fimbo yake, akaenda polepole kuushika mlango wa banda, aone kama umefungwa kweli.