Aliyeketi Dirishani

Mwenye hadithi haombi kuaminiwa, huomba kusikilizwa tu. Basi nisikilizeni niwaambie yaliyomkuta mpiga video mmoja ambaye watu walimwita Fokasi. Tena hayakumkuta gizani. Yalimkuta mchana kweupe, jua likiwa utosini.

Lilianza jambo dogo la kupuuzwa. Fokasi alikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kile alichokigeuza studio, akimrekodi binti yake asome shairi ili wamtumie bibi yake aliye mbali. Binti walimwita Kipusa, na ndiyo kwanza alikuwa anabadilisha meno. Alikaa kwenye stuli katikati ya chumba. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na kando ya dirisha kiti kitupu.

Aliyewahi kushika kamera anajua kwamba dirisha ni adui. Ukiiacha kamera ijichagulie yenyewe, huuona ule mwanga wa nje, ikaogopa, ikafumba jicho, na mtu aliyekaa mbele yako akawa mkaa. Ukiifungua ili mtu aonekane, dirisha nalo linaungua, linabaki jeupe pe. Vyote viwili huvipati, lazima uchague. Fokasi aliwafundisha hivyo wote waliopita mikononi mwake: "Uso kwanza. Dirisha likiungua liache liungue. Ila ujue, giza unaweza kulivuta kwenye kompyuta ukapata cha kuokoa, lakini nyeupe iliyoungua ni tupu. Hairudi hata ulie."

Kamera yake ilikuwa na onyo: mahali mwanga ulipozidi, skrini ilichora mistari ya mshazari, na wenye kazi yao huiita pundamilia. Siku ile pundamilia walikuwa dirishani, mahali pao. Kisha wakaonekana kwenye kiti.

Fokasi akainua macho kutazama kiti chenyewe. Kitupu. Akafuta lenzi kwa kitambaa, akatazama tena. Mistari ilikuwa palepale, inatetemeka, na sasa aliona kwamba ilikuwa na mabega.

"Baba, nianze?" Kipusa aliuliza.

"Ngoja kidogo, mama."

Akaupunguza mwanga kidogo, kama angefanya mpiga video yeyote. Mistari ikapungua juu, na mahali ilipotoka pakabaki kitu kama paji la uso. Akapunguza tena. Chumba kikaanza kuzama, mtoto akaanza kuwa kivuli, na kwenye kiti kikatokeza kidevu, kikatokeza na kile kishimo cha shavuni alichokuwa akikibusu kila asubuhi kwa miaka yote ya ndoa yao. Mkewe alikuwa ameketi pale. Alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu tangu mwanzo wa mwaka, na alikuwa ameketi pale, mikono mapajani, kama alivyokaa siku zote alipomwomba, "Hebu kaa nipimie mwanga usoni kwako," naye akamjibu, "Mita za mwanga za watu zinanunuliwa dukani, ya kwako umeioa."

Fokasi hakupiga kelele. Alilia tu kimyakimya, jicho halikubanduka kwenye skrini, na hakusikia hata neno moja la shairi.

Kesho yake adhuhuri akamwita tena Kipusa. "Njoo turudie, jana hukusoma vizuri." Akamwita na siku iliyofuata, na nyingine. Alikuwa amejaribu bila mtoto, stuli ikiwa tupu, na dirishani hakuja mtu. Hakujiuliza kwa nini. Moyo unaotaka kudanganywa hauna maswali.

Kila siku alifunga lenzi zaidi, na kila siku mke akaonekana zaidi: nyusi, herini, mshono wa gauni. Chumba nacho kikashika harufu. Juu ilikuwa sabuni yake ile ya kuogea, tamu; chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama vumbi linaloungua juu ya taa ya moto. Halafu siku moja, kwenye hedifoni, mahali palipokuwa na sauti ya mtoto tu, akasikia mtu anavuta pumzi.

"Punguza tena, mume wangu," ile sauti ikanong'ona. "Unaniunguza."

Mkewe hakuwahi kumwita mume wangu. Mbele za watu alimwita baba Kipusa. Fokasi alilijua hilo, akalimeza kama mtu anavyomeza mfupa wa samaki na kujifanya haukumkwama. Akapunguza.

"Baba," Kipusa akasema kutoka gizani, "mbona unanizima?"

Aliyetangulia kuona ni dada yake Fokasi, ambaye alikuwa amehamia hapo baada ya msiba ili amsaidie kulea. Siku hiyo alikuwa uani anamsuka mtoto. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, kisha akaacha kitana na kumfuata kaka yake studio. Alifunga mlango nyuma yake kabla ya kusema.

"Kaka, mtoto ana nini?"

"Ana nini? Mbona mzima."

"Usinipandishie sauti, nakuuliza taratibu. Nimemtoa juani nimsuke. Mikono yake inang'aa, miguu inang'aa. Uso haushiki jua." Akatazama kiganja chake. "Nimeushika, ni wa baridi. Kama umewekwa chini ya mtungi."

"Maneno gani hayo, dada."

"Nenda kamtazame mwenyewe. Au humtazami siku hizi?"

Fokasi hakwenda. Badala yake, dada alipotoka, alifungua kompyuta akatafuta video ya mwaka jana, siku walipompeleka Kipusa kuogelea. Mke alikuwemo, anacheka, maji yanamtiririka. Watoto wa jirani walikuwemo. Kipusa naye alikuwemo, katikati ya jua lile lote, ana mwili na nguo ya rangi ya machungwa, ila kwenye shingo kuendelea juu palikuwa na doa jeusi. Akajaribu kulivuta, kulifungua, kulinyanyua kwa kila ujanja alioujua. Ndani ya giza hamkuwa na kitu. Akafungua video nyingine, na nyingine ya zamani zaidi, mpaka ile ya Kipusa mchanga mikononi mwa mama yake: mama anatazama chini kwa tabasamu, na kilichofunikwa kwenye shuka hakina uso.

Akamwita dada yake, akamwambia yote, akiwa amekaa sakafuni kama mtoto mwenye kosa.

Dada hakumlaumu. Alijifunga kibwebwe, akaenda, akarudi na bibi mmoja mtabibu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, na miwani ya kusomea aliyoivaa kama karani wa mahakama. Bibi hakukubali kiti wala maji. "Nioneshe," alisema.

Fokasi akamwonesha video ya mwisho kurekodiwa. Alitegemea bibi ashtuke kumwona marehemu, lakini bibi alikiwekea kidole kile kivuli cha mbele.

"Huyu hapa gizani ni nani?"

"Mwanangu."

"Umemtazama lini mara ya mwisho?"

Fokasi akaigeuzia macho kamera yake.

"Mtoto kafanana na nani?" bibi akauliza tena, sasa kwa upole.

"Na mama yake, bibi. Kila mtu husema, mama mtupu."

"Basi ndiko anakochota. Sikiliza, mwanangu. Huyu ni jini wa adhuhuri. Hana sura, chake ni mwanga tu, sura huazima. Kaja akakuta nyumba ina msiba, akakuta uso wa marehemu umebaki kwa mtoto, akaanza kuutoa humo kidogo kidogo. Na wewe ukamshikia taa."

"Mtoe, bibi. Nakupigia magoti."

"Mimi nitasoma, lakini sikumkaribisha mimi. Aliyemfunika mtoto ndiye wa kumfunua. Kesho jua likisimama utafungua kamera yako kwa ajili ya uso wa mwanao mpaka uonekane wote, na huyo mwingine umwache aungue. Usifumbe macho. Akikuita usiitike." Akavua miwani. "Na atakuita."

Kesho yake walikaa studio wanne, madirisha mengine yamefungwa. Bibi alikuwa kwenye kona, anasoma kwa sauti ya chini. Dada alipiga magoti kando ya stuli ameshika mguu wa Kipusa, kwa sababu mtoto aliogopa na alitaka mtu wa kumshika. Hakulia. Tangu juzi alikuwa halii wala hacheki. Uso wake mtu akiutazama moja kwa moja alikuwa kama anatazama ndani ya kisima.

Fokasi akavaa hedifoni, akashika lenzi. Kwenye skrini mke wake alikuwa tayari ameketi, mzima, mzuri kuliko alivyokuwa hata kabla ya ugonjwa, na alikuwa anamtazama yeye.

"Umeleta watu," ile sauti ikasema.

Akafungua hatua ya kwanza.

"Mume wangu, ni mkali. Punguza."

Akafungua ya pili, na pundamilia wakaanza kupanda kwenye gauni, wakatambaa kifuani, na ile harufu ya vumbi la taa ikavimba mpaka dada akakohoa, na kioo cha dirisha kikaanza kulia mlio mwembamba kama nzi aliyenaswa, na bibi kule kwenye kona akapandisha sauti, na Fokasi akafungua tena, vidole vinateleza kwa jasho, akaona kwenye lile doa jeusi juu ya stuli kitu kama ncha ya pua ikitoka, pua ndogo ya mwanawe, akaing'ang'ania kwa macho kama mtu anayezama anavyong'ang'ania kamba, huku pembeni ya jicho lake mistari ikifika shingoni mwa mke, ikifika kidevuni, na kinywa kilichokuwa kinabembeleza kikaanza kupiga kelele, si kelele ya mwanamke tena bali mlio wa kitu kisicho na koo, mpaka damu ikamtoka Fokasi sikioni, na bado akafungua.

Kisha ikanyamaza. Bibi naye, kama aliyekatwa pumzi, akanyamaza. Na katika ule ukimya, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya chini, ya mtu aliyechoka aliyeamshwa usingizini, sauti ikasema kwenye hedifoni:

"Kifuniko."

Jina hilo halikujulikana na mtu mwingine yeyote duniani. Mkewe alilitunga siku za kwanza za ndoa, kwa sababu Fokasi alikuwa anapoteza vifuniko vya lenzi kila kukicha, na alilitumia chumbani tu, taa ikishazimwa. Hata dada yake hakuwahi kulisikia.

"Kifuniko, nakuona," sauti ikasema. "Umekonda. Unakula?"

Machozi yakamjaa mpaka skrini ikawa maji matupu. Mkono wake ukarudi nyuma, upana wa unywele mmoja tu, kufunga.

"Baba," Kipusa akasema, "mimi hapa."

Fokasi akafungua lenzi mpaka mwisho.

Dirisha likalipuka kwa weupe. Kiti kikaungua, mabega yakaungua, macho yale yakaungua ya mwisho, yakimtazama bila hasira. Na mbele ya weupe ule wote ukatokea uso wa mtoto, kamili: nyusi, kishimo cha shavuni, pengo la jino, makamasi. Kipusa akaangua kilio kikubwa cha afya, na shangazi yake akamkumbatia, akalia naye.

Harufu iliisha kabla ya jioni. Mtoto alishika jua tena. Kwenye video za zamani uso wake ulirudi wote, hata ule wa uchanga. Lakini kila mahali alipokuwa mama yake, kwenye harusi, kwenye maji, kwenye ile ya kumpakata mwanawe, pale penye uso palikuwa peupe. Fokasi alijaribu kushusha ule weupe, akiwa anajua kabisa kwamba hautashuka. Hamkuwa na nyusi ndani yake, wala jicho.

Akamfuata bibi mtabibu nyumbani kwake. Alimkuta anaanika nguo.

"Bibi, nina swali moja. Hawa viumbe wanaweza kujua jina ambalo mtu ameitwa chumbani tu, na mkewe?"

Bibi akatandaza shuka kwenye kamba, akaivuta pembe hii, akaivuta na ile, hata mahali pasipokuwa na mkunjo.

"Mwisho alikuambia nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Aliniuliza kama nakula."

Bibi alisimama vile vile, mikono juu ya kamba.

"Nenda nyumbani," alisema hatimaye, na ile sauti yake ya kukwaruza ilikuwa imelegea. "Jua linaenda. Mtoto hajala, na wewe hujala."

Akaenda. Alipika mwenyewe, akapakua sahani mbili. Kipusa alikula huku akimsimulia jambo refu la rafiki yake wa shule, mdomo umejaa, na Fokasi alikuwa anaitikia, "Enhe, ehe," akiwa ameuelekezea ukuta uso wake asikione kile kishimo cha shavuni, akimeza tonge moja baada ya jingine, mpaka sahani ikaisha.