Ndiga za Dionisia

Mwaka ule wa 1949 mvua zilikisusa kijiji cha Chunyu, na watu wakarudi porini kuchimba ndiga. Kiazi hicho cha porini kina sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kwenye tenga na kulowekwa kijitoni siku tatu. Na kwa kuwa kijito kilikuwa kimebaki kamkondo tu, ilibidi mtu avigeuze na kuvimwagia maji mapya asubuhi na jioni.

Kazi hiyo Teodosia alimpa binti yake, Dionisia, wa darasa la nne. Baba alikuwa Nachingwea akifyeka mashamba ya karanga. Mama mwenyewe alishinda porini akichimba, huku mdogo wake Dionisia, Linus, akiwa mgongoni.

Kijitoni Dionisia alikwenda kweli, lakini ndani ya kanga alificha kitabu cha hadithi alichoazimwa na Mwalimu Saturnini. Jamani, kitabu kile kilikuwa kitamu! Msichana mmoja alikuwa amefungiwa ngomeni, na Dionisia angeachaje kujua kama atatoka? Kila alipolikumbuka tenga alijiambia ukurasa mmoja tu. Moyo ulimsuta, naye akafunua mwingine. Kwa siku tatu nzima aligeuza vile vipande mara moja, tena juu juu.

Mama alipouliza kama maji yamebadilishwa, alijibu bila kupepesa macho kwamba asubuhi na jioni hakukosa. Ndiga zikapikwa.

Desturi ilikuwa kwamba aliyeloweka ndiye huonja kwanza, na wengine husubiri kuona kama yu salama. Dionisia alinyoosha mkono, akaurudisha. Mama akadhani ni uchovu.

"Acha, mwanangu," akasema. "Umeshinda majini siku tatu. Leo nitaonja mimi."

Hapo ndipo pa kusema. Lakini aliogopa fimbo, akaogopa na kunyang'anywa kitabu. Mama akatafuna, akameza.

Haukupita muda mama akaanza kupepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka. Linus alikuwa ameshaivuta sahani. Dionisia akaipiga teke, chakula kikamwagika mchangani, akakimbilia kwa majirani akilia na kusema yote. Wakambeba mama kitandani hadi zahanati ya misheni. Siku mbili hakumtambua mtu, na siku mbili Linus alilia njaa.

Siku ya tatu mama alipopata fahamu, Dionisia alipiga magoti akaapa kukichoma kile kitabu.

"Kitabu hakina kosa," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mrudishie mwalimu kikiwa kizima. Kusoma utasoma, kazi ikiisha. Lakini nisikilize, Dionisia. Mimi ndiga sijaziamini tangu nizaliwe. Nilikula kwa sababu nilikuamini wewe."

Mvua zilirudi, na Dionisia aliendelea kusoma. Lakini kwa muda mrefu, kila aliposema kazi imekwisha, mama alijitanda kanga yake, akaenda kutazama mwenyewe.