Jirani Asiye na Waya

Fundi wa mtandao wa hospitali ile alikuwa na kiburi chake, na tusimlaumu sana: mitambo kumi na miwili ya kupitisha data ilikuwa inamtii. Kila mmoja uliwasalimu majirani zake kila sekunde kumi. Ukikosa kusalimu mara nne mfululizo, wenzako wanakuhesabu maiti, na habari inasambazwa mtambo kwa mtambo mpaka jengo zima lijue. Na wawili wenye mapigo tofauti, yaani wasiosalimu kwa muda uleule, hawafungi ujirani hata wasalimiane mwaka mzima.

Asubuhi hiyo skrini ikaanza kulalamika kwamba kuna anayesalimu kila sekunde saba, kupitia tundu namba tisa. Fundi akainama. Tundu namba tisa halikuwa na waya.

"Niondolee balaa hapa," akasonya. Ghorofani mama yake alikuwa amelazwa kwa kiharusi, wiki ya pili hasemi neno, na yeye alitaka akakae naye. Basi akafanya uvivu ambao mafundi wenzake wangemzomea. Badala ya kumtafuta mgeni, akaibadilisha mitambo yake yote isalimu kila sekunde saba, ili malalamiko yakome.

Yakakoma kweli. Skrini ikaandika: jirani mpya, ujirani umekamilika.

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kabati la mitambo likagongwa kwa ndani, ngo, na baada ya sekunde saba, ngo tena, na taa za mitambo yote zikaanza kuwaka na kuzimika pamoja na ule mlio, huku fundi amesimama jasho likimtoka ndani ya chumba cha baridi, akijua kabisa kwamba kabatini hamwenei hata paka.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mama yake, ananong'ona.

"Dada, wagonjwa wote wanapumua kwa pamoja. Polepole mno. Watakufa hawa!"

"Na mama?"

"Naye vilevile. Mimi naogopa, jamani."

Hapo hapo akarudisha mapigo kuwa kumi. Mitambo ikaacha kumwitikia mgeni. Sasa, kwa mapigo yake mwenyewe, mgeni akinyimwa jibu mara nne, sekunde ishirini na nane, angewahesabu maiti na kwenda zake. Ngo. Ngo. Ngo.

"Mwanangu."

Sauti ya mama, nyuma ya kabati. Fundi akauma mdomo.

"Kitinda mimba wangu, nimepona. Huniitikii?"

Wiki mbili alikuwa akimlilia Mungu aisikie tena sauti hiyo. Machozi yakamtiririka. Ishirini na tano. Ishirini na sita.

"Wewe mwanangu!"

Binti aliyelelewa hamwachi mama yake aite bure. Mdomo ukamtangulia akili.

"Abee, mama."

Kugonga kukakoma. Simu ikalia tena.

"Mama yako ameamka!" muuguzi alikuwa analia. "Amekaa kitako, anamsalimu wa kitanda cha pili. Huyo kaitikia, sasa anamsalimu wa tatu, na sauti ni ya mama yako, dada, wote wana sauti ya mama yako, na wa mwisho ananigeukia mimi..."

"Usimwitikie! Muuguzi, unanisikia? Usimwitikie!"

Akaikandamiza simu sikioni.

"Nakusikia, mwanangu," simu ikajibu.