Sema "Sasa"

Kaka yangu Tauno alikuwa dereva wa trekta la kukokotea magogo huku kwetu kwenye misitu ya Kainuu. Miguu yake ilipoanza kufa ganzi hakumwambia mtu. Niligundua siku alipojimwagia kahawa ya moto kwenye soksi, akaendelea kula mkate.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nikampeleka kwa Daktari Lempinen, mtaalamu wa mishipa ya fahamu.

"Picha ya ubongo peke yake haitoshi," daktari alituambia. "Kuna vigezo vya kuuthibitisha ugonjwa. Dalili ziwe za sehemu mbili tofauti, na zimetokea nyakati mbili tofauti."

"Mwaka jana jicho la kulia lilififia wiki nzima," Tauno akasema.

"Haya, lala hapo ufumbe macho. Nikikugusa na pamba, sema 'sasa'."

"Usinitekenye tu, daktari."

"Si umesema husikii? Tulia."

Akagusa unyayo. Kimya. Akagusa ugoko. Kimya. Akagusa goti. Kimya. Akaweka pamba chini, akaanza kuandika.

"Sasa," Tauno akasema.

Daktari akainua uso.

"Sasa."

Akaniangalia. Nilikuwa kwenye kiti changu, mbali, mikono mapajani.

"Wapi, Tauno?" akanong'ona.

"Kisigino. Sasa. Ugoko. Sasa. Daktari, si ulisema pamba? Hii ni sindano."

Mkononi mwa daktari mlikuwa na kalamu tu. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Fumbua macho!"

Akafumbua. Ikakoma.

Ugonjwa ulipewa jina siku ileile, vigezo vilitimia. Lile jambo jingine halikuwa na nafasi kwenye fomu, daktari akaliacha. Tukarudi nyumbani, tukala supu ya njegere. Sikuhisi kitu. Tauno alisema tu kwamba halali tena, maana kila akifumba macho, inaendelea pale ilipoishia.

"Imefika wapi?"

"Kiunoni."

Alikesha siku tatu. Ya nne, mchana, nilimkuta kitini, kidevu kifuani. Amefumba macho. Mwili umepoa.

Nilimwosha mwenyewe. Sikulia. Kuanzia kisigino cha kushoto hadi chini ya titi, penye moyo, palikuwa na mstari wa nukta nyekundu, zimepangana sawasawa. Nikazipitishia kitambaa cha maji. Zote zilikuwa zimekauka, isipokuwa ya mwisho. Kila nilipoifuta, lilitoka tone jingine.