Nta Kwenye Bomba la Petroli

Kila asubuhi, jua lilipoanza tu kuchomoza, Mwanamina aliteremka ziwani na kopo mkononi. Kazi yake ilikuwa kukumba maji yaliyoingia botini usiku, kupangusa injini kwa kitambaa, kisha kuangalia kama kuna mahali panapovuja. Shangazi yake Mwanatumu alimkabidhi kazi hiyo alipotimiza miaka kumi na miwili, naye aliifanya kwa fahari. Hakuna mtoto mwingine pande zote za Ziwa Jipe aliyeruhusiwa hata kuigusa injini ile.

Boti ilikuwa ya baba yake, Mbaruk, mwenye duka mjini Voi. Siku hizo reli ilikuwa imeshafika Taveta. Mbaruk alileta sabuni, chumvi na nguo kwa gari moshi, na boti ikavipeleka hadi kijiji kilicho kusini mwa ziwa, ambako Shangazi Mwanatumu, aliyekaa na Mwanamina, aliviuza na kununua samaki wakavu. Injini, ile ya kufungwa nyuma ya boti, aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa amechoka nayo. Na kusema kweli, Mzungu yule hakuchoka bure. Ilikohoa, ilitoa moshi mwingi, na pale bomba jembamba la shaba lilipoungana na tangi, petroli iliyochanganywa na oili ilidondoka tone baada ya tone.

Matone hayo yaliangukia ndani ya boti yakachanganyika na maji. Mwanamina alipoyakumba, aliyamwaga papo hapo ziwani, maana hakuna aliyemwambia ayamwage kwingine. Utando wa rangi rangi ulitanda juu ya maji, ukaelea mpaka pale wanawake walipotekea.

Siku moja Dinah, mama wa Kitaita aliyehamia pale na mumewe kutoka Chawia, aliuinua mtungi wake akaunusa.

"Mama Mwanatumu," alisema, "maji haya yananuka kama taa. Jana nimempikia mtoto uji, ameutema."

Wanawake wengine nao walinusa yao, wakaguna. Maneno yalimfikia mzee wa kijiji, naye akasema kwa upole lakini bila kuzunguka kwamba harufu ile ikirudi, boti itafute pa kukaa pengine. Mwandawiro, dereva wa boti, akachukua spana akaikaza nati ya bomba mpaka matone yakakoma. Kisha akamwita Mwanamina.

"Sikiliza, mwanangu. Ikivuja tena, usiguse kitu chochote. Njoo uniambie. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja Mwanamina aliinama chini ya tangi akaona tone limening'inia, likaanguka, jingine likafuata. Kama angesema, habari ingefika kwa Dinah, na kutoka kwa Dinah ingefika kwa mzee. Boti ingefukuzwa, naye angerudishwa Voi kukaa nyuma ya duka akichambua mchele.

Ndipo alipokumbuka vibuyu. Pale kijijini kibuyu kikipata ufa hakitupwi. Watu huchukua nta ya nyuki, huilainisha kwa mikono na kuuziba ufa, na maziwa yakakaa humo bila kumwagika. Mwanamina alikimbia nyumbani, akachukua bonge la nta la shangazi yake, akalifinyafinya mpaka likawa laini. Aliifungua ile nati kidogo kwa spana, akaipaka nta ndani, akaikaza tena, kisha akalizungushia bomba nta nyingine kwa nje. Matone yalikoma. Aliitazama kazi yake, akajiona fundi.

Mwandawiro alipokuja aliuliza kama kawaida yake, "Hali ya injini?"

"Iko salama, Mjomba."

Lilikuwa neno jepesi sana kulitamka. Mwandawiro alimwamini, na hakuangalia.

Kesho yake karibu na adhuhuri, Dinah alikuja mbio, mwanawe Alexander akiwa kifuani. Mtoto yule, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, aliwaka homa kama jiko na macho yake yalikuwa yamelegea. Mumewe Dinah alikuwa mbali, kwenye shamba la mkonge.

"Nimempa dawa zote ninazozijua," Dinah alisema. "Nisaidieni nifike kwa mganga wa misheni, Taveta."

Kwa miguu, kuyazunguka matete na vichaka vya ndovu, ilikuwa safari ya kutwa nzima. Kwa boti ilikuwa safari fupi tu mpaka ncha ya kaskazini, na hapo mkokoteni wa ng'ombe ungewachukua. Shangazi Mwanatumu hakuuliza swali. Alichukua mfuko wake wa kushonea kofia, ambao haukumtoka mkononi, na kipande cha sabuni cha kumwogeshea mtoto, akaingia botini. Mwanamina naye aliingia ili akumbe maji.

Walipofika katikati ya ziwa, injini ilikohoa, ikanguruma kwa uchovu, ikazimika.

Mwandawiro aliivuta kamba. Aliivuta tena na tena. Alitoa plagi akaifuta, akairudisha. Alifungua tangi akakuta petroli ipo ya kutosha. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kushuka kutoka milima ya Upare, ukawa unawasukuma pole pole kuelekea kwenye matete, mahali wanapolala viboko. Shangazi Mwanatumu alishika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akasukuma, lakini ulizama kwenye tope na kila alipouchomoa boti ilirudi nyuma.

Alexander, aliyekuwa akilia tangu walipoondoka, alinyamaza. Dinah aliweka kiganja mbele ya pua ya mwanawe, akakiacha hapo.

Mwanamina alilitazama bomba. Nta yote ya nje ilikuwa imekuwa uji wa njano, na matone yalikuwa yanaanguka kama zamani. Alielewa kwamba alichokiweka pale hakipo tena, na kwamba kimekwenda mahali fulani. Akitaka angeweza kunyamaza. Mwandawiro angeendelea kuivuta kamba mpaka mkono umchoke, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Alexander, akaona aibu kubwa kuliko hofu yake.

"Mjomba," alisema. "Jana ilivuja. Nikaiziba kwa nta. Nilikudanganya."

Mwandawiro aliiachia kamba. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

"Nta?" aliuliza. "Uliiweka mpaka ndani?"

"Mpaka ndani."

"Petroli huiyeyusha nta, mwanangu. Imeteremka na bomba mpaka kwenye kabureta, imeziba." Alikuwa ameshashika spana. "Mama Mwanatumu, nipe sindano yako ile nyembamba."

Alifungua kabureta, na kweli, katika kile kitundu kidogo ambamo petroli hupita, palikuwa na utelezi wa njano. Alikizibua kwa sindano, akakipuliza, akalisafisha na bomba lote. Kisha akamega sabuni, akaikanda kwa mate, akaizungushia pale palipovuja.

"Sabuni petroli haiiwezi," alisema. "Itatufikisha."

Akavuta kamba. Injini ilipiga chafya mara kadhaa, ikawaka. Njia nzima Mwanamina alikumba maji huku machozi yakimtoka, naye hakuyafuta.

Mganga wa misheni alimpokea Alexander mikononi, akampa kwinini, akamkanda kwa maji. Jioni alitoka nje akamwambia Dinah kwamba mtoto ataishi, lakini kama wangechelewa kufika hadi wakati huo, yeye asingeweza kuahidi lolote. Mwanamina alikuwa ameketi karibu na mlango, na kila neno alilisikia.

Baba yake alipopata habari alikuja mwenyewe na gari moshi, akaleta bomba jipya na nati yake. Alimwambia binti yake maneno machache tu: kwamba kosa la nta amelisamehe, kwa kuwa hakujua, ila lile la "iko salama" alilijua. Tangu siku hiyo debe liliwekwa chini ya injini, na maji yenye mafuta yakawa yanabebwa na kumwagwa shimoni, mbali na ziwa.

Dinah aliporudi, Alexander akiwa amekonda lakini anacheka, Mwanamina alikwenda kumwomba radhi. Alimweleza kila kitu, hata kwamba alificha kwa sababu alimwogopa yeye.

Dinah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulidhani nataka boti ifukuzwe?" aliuliza. "Boti hiyo ndiyo iliyomfikisha mwanangu kwa mganga akiwa hai. Mimi nilitaka kuambiwa tu, mama. Siku mafuta yamemwagika, niambie, nami nitakwenda kuteka kule juu, mafuta yasikofika. Kitu kibovu kikijulikana, watu hujipanga nacho. Kikifichwa, humkuta mtu katikati ya maji, na mara nyingi anayeumia si yule aliyekificha."

Injini ilikuwa kuukuu, na hata bomba jipya halikuifanya kijana. Siku nyingine ilivuja, siku nyingine haikuvuja. Lakini kila asubuhi Dinah aliposhuka na mtungi kichwani na Alexander mgongoni, alisimama mbali kidogo akaita:

"Leo je, Mwanamina?"

"Leo inavuja, Mama."

Na Dinah aligeuka, akaifuata njia ya juu, bila kunung'unika.