Gereji ya Upande wa Makaburi

Saa tisa alasiri, mwezi wa kwanza, na huku kaskazini jua lilikuwa limeshazama. Hilkka alirudisha trela nyuma hadi mlangoni mwa gereji bila kuomba msaada, akazima gari, akashuka na chupa ya kahawa mkononi.

"Umenenepa, Ilpo," alisema.

"Ni koti hili, mama."

"Koti halina kidevu."

Ilpo alicheka kidogo. Kisha akaona kilichokuwa juu ya trela, na kicheko kikakatika.

Gari jekundu la Jouko.

Kwa miaka miwili lilikuwa ghalani kwa Hilkka chini ya turubai. Ziwa lilikuwa limeliachia mstari wa tope chini ya madirisha, na harufu. Jouko alikuwa mtoto pekee wa Hilkka, na rafiki wa Ilpo tangu darasa la kwanza. Alizama nalo siku ya mashindano ya magari juu ya barafu ya ziwa. Alipitiliza kona ya mwisho, akaingia mdomoni mwa mto, ambako barafu huwa nyembamba. Kijiji kizima kilikuwa na maelezo yaleyale: yule hakujua kuachia pedeli ya mafuta.

"Jumamosi anakuja mtu kulinunua," Hilkka alisema. "Kabla halijaondoka, chomeka laptopu yako. Nimeambiwa kompyuta ya injini huweka kumbukumbu."

"Ilikaa majini siku tatu. Imekufa."

"Ulisema hivyo hivyo msibani. Hukuifungua hata skrubu moja." Alimtazama. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Mwanangu aliachia, au hakuachia?"

Ilpo alisema atajaribu. Walilisukuma gari ndani. Hilkka hakuweza kuvumilia ile harufu, akarudi kukaa ndani ya gari lake.

Ilpo hakuwa na nia ya kusoma chochote. Alikubali ili afute kilichomo.

Kompyuta ile haikuja na gari. Aliinunua Jouko, akaifunga Ilpo, na hakuna mwingine aliyewahi kuigusa. Pedeli haikuwa na waya wa kuvuta injini. Mguu uliiambia kompyuta, kompyuta ikaifungulia injini hewa. Usiku wa kuamkia mashindano walibadilisha pedeli, na Ilpo akaifundisha kompyuta kuijua pedeli mpya. Mpangilio huo mpya aliuhifadhi ndani ya gari tu. Kwenye laptopu aliacha wa zamani.

Asubuhi, juu ya barafu, alichomeka tena kukagua. Skrini ikauliza: mpangilio wa gari na wa laptopu haulingani, tubakize upi? Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alibonyeza bila kusoma, na mpangilio wa zamani ukafunika mpya.

Injini ikanguruma juu kuliko kawaida. Jouko, kofia ya chuma kichwani, aliinua kidole kuuliza.

Ilpo akamwonyesha dole gumba.

Hilo ndilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Sasa aliunganisha betri nyingine, akachomeka waya, akaiweka laptopu juu ya benchi. Moyoni aliomba isiwake. Injini yenyewe ilikuwa imeganda kwa kutu. Isingezunguka hata kwa nyundo.

Taa ya kijani ikawaka.

Kisha swali likatokea. Lilelile. Mpangilio wa gari na wa laptopu haulingani. Tubakize upi?

Angepeleka wa laptopu, kila kilichokuwa ndani ya gari kingefunikwa. Alibonyeza.

Skrini ikapepesa. Swali likarudi.

Akabonyeza tena. Likarudi. Nyuma ya swali namba za injini zilianza kuonekana. Mzunguko: sifuri. Joto la maji: nyuzi mbili. Pedeli: asilimia kumi na mbili.

Ilpo aliinama dirishani akachungulia. Pedeli ilikuwa imesimama juu kabisa, haijaguswa. Ilipaswa kusoma sifuri; kwa kumi na mbili injini ingeendelea kuvuta hata mguu ukiachia. Kumi na mbili lilikuwa kosa lake, limekaa pale pale alipoliacha.

Kwi...

Springi.

Kwi... kwi...

Kwenye skrini namba ilipanda. Ishirini. Hamsini na tano. Mia.

Harufu ya ziwa ilijaa gereji, nzito, kama mtu aliyeingia na nguo zilizolowa. Ilpo alitazama ndani. Pedeli ilikuwa imekanyagwa hadi sakafuni. Kiti kilikuwa kitupu, ila sponji yake ilikuwa imebonyea, na kutoka kwenye bonde lile maji yalidondoka.

Tone. Tone.

Halafu pedeli ikapanda. Polepole, hadi juu kabisa.

Skrini ilisoma kumi na mbili.

Ikakanyagwa. Ikaachiwa. Kumi na mbili. Ikakanyagwa tena. Mara ya nne Ilpo alielewa kwamba anaonyeshwa.

"Niliachia," mtu alinong'ona, karibu sana na sikio lake. "Uliona, Ilpo... niliachia."

Aling'oa waya. Akatoka nje bila koti.

Hilkka alishusha kioo. Ilpo alizungumza akiwa amesimama kwenye theluji, akitazama tairi. Alisema yote: pedeli, swali, vidole. Dole gumba alilisema mwisho.

Hilkka alifunga chupa ya kahawa.

"Kumbukumbu imesema hivyo?"

Waliingia, Ilpo akachomeka waya tena, wakatazama pamoja. Kumbukumbu ilikuwa tupu, akauchomoa na kuutupa chini. Maji yalikuwa yameila, na Ilpo alieleza kwamba kutu kwenye waya za pedeli huweza kurusha namba ovyo. Huenda ikawa hilo tu.

"Kwa hiyo kompyuta haijasema kitu," Hilkka alisema. "Umesema wewe."

"Ndiyo, mama."

"Miaka miwili unakunywa kahawa mezani kwangu."

Hilkka alifungua mlango wa gari jekundu, akaweka kiganja kwenye kiti. Alipokitoa, kilikuwa kinachuruzika. Alikitazama muda mrefu.

"Matawi ya ule msonobari niliyakata mimi," alisema. "Marehemu baba yake hakutaka. Nilimwambia, huyu ametuaibisha, akae hukohuko makaburini."

Ilpo aliujua msonobari. Ulisimama barabarani, mita mia mbili juu ya gereji. Siku ya maziko matawi yake ya chini yalikatwa, na kwenye gome ikachongwa J.P. na mwaka. Ndivyo walivyofanya wazee wa huku Savo: marehemu akianza safari ya kurudi nyumbani, akutane na jina lake, akumbuke kwamba amekufa, ageuke. Nyumba ya Hilkka ilikuwa ng'ambo ya mti.

Gereji ilikuwa upande wa makaburi.

"Mwenye kulinunua nitamwambia haliuzwi," Hilkka alisema. Alifungua mlango wa abiria wa gari lake, akasubiri, kama mtu anavyomsubiri mgonjwa wa mguu. "Twende nyumbani, Jouko. Twende, mwanangu."

Akaufunga taratibu. Akaondoka bila kumtazama Ilpo.

Ilpo alisimama mlangoni akizifuata kwa macho taa nyekundu zikipanda mlima. Kwenye msonobari zilikolea. Gari lilisimama.

Mlango wa abiria ukafunguka.

Ukakaa wazi kiasi cha mtu kushuka. Ukafungwa. Gari likabaki pale kwa muda, kisha likaenda, likiwa na mtu mmoja.

Barabara ilikuwa tupu. Theluji tu, na juu ya theluji sauti ya kitu kilicholowa, hatua kwa hatua, kikishuka.

Nyuma ya Ilpo laptopu ililia. Waya ulikuwa bado sakafuni, alipoutupa. Skrini iliuliza tubakize upi.

Ilpo hakufunga mlango. Alichukua kiti cha pili, akakisogeza karibu na jiko la kuni, akakaa kwenye kile kingine.